Pikipiki za umeme: serkali ichague sauti kabla ya ajali

Mtu asiyeona ambaye anataka kuvuka barabara pale Nyawera, mjini Bukavu, anategemea fimbo na masikio. Anasimama ukingoni na kusikiliza. Pikipiki inayonguruma polepole fasi moja ni ya motari anayengojea mteja, haina hatari. Mlio unaopanda haraka ni wa motari mwingine anayekimbia. Ngurumo nzito, ile ambayo miguu inaisikia kabla ya masikio, ni Fuso yenye mizigo. Mlio ukishuka, maana yake dereva anapunguza mwendo. Kwa ishara hizo chache anaamua kama apite ao angoje. Mama mwenye beseni la ndizi kichwani, ambaye hawezi kugeuza shingo kila mara, anafanya hesabu hiyo hiyo. Mtoto wa shule pia.

Pikipiki ya umeme inaharibu hesabu hiyo. Ndani yake hakuna mafuta yanayolipuka. Kuna batri, nyaya na mota inayozunguka. Ikitembea polepole, kinachosikika ni tairi juu ya udongo, basi. Na haiko mbali nasi tena. Mjini Kigali kampuni ya Ampersand ilianza kuwapa motari pikipiki za umeme mwaka 2019, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za mafuta haziandikishwi tena huko kwa kazi ya teksi. Nairobi na Kampala nazo zinaenda upande huo huo. Bei ya mafuta inapopanda hapa kwetu, kila motari anajua kupiga hesabu. Siku pikipiki hizo zitakapokuwa na fasi za kubadilishia batri upande wetu, hakuna mtu atakayehitaji kuwashawishi motari wa Bukavu, Uvira, Goma, Beni ao Bunia.

Zije. Moshi utapungua, na motari atabaki na franga zaidi mfukoni jioni. Lakini serkali ya Kongo inapaswa kuamua leo, wakati ziko bado chache, kwamba hakuna pikipiki ya umeme itakayobeba abiria katika miji yetu bila sauti, na kwamba sauti hiyo itachaguliwa pamoja na watu wanaoihitaji.

Wengine watashangaa: mashine isiyo na mlio itapata wapi mlio? Inatengenezewa. Kazi hiyo ipo, ina mafundi wake, na inafanywa kwa kompyuta na programu za sauti zinazofanana na zile za studio ya muziki.

Ili kuelewa, tuanze na pikipiki ya kawaida. Pikipiki nyingi za motari wetu zina silinda moja, na mafuta yanalipuka mara moja kila mota inapozunguka mara mbili. Mota ikizunguka mara 3.000 kwa dakika, kuna milipuko 25 kwa sekunde. Ikizunguka mara 6.000, kuna milipuko 50. Gari la silinda nne likizunguka mara 3.000 linatoa milipuko 100 kwa sekunde, na ndiyo maana sauti yake ni laini, imeungana, kumbe ya pikipiki inakatakata. Sikio la mkaaji wa mji halijui namba hizo, lakini linazitumia kila siku: likisikia milipuko inakaribiana, linajua kuna mtu anakimbia.

Fundi wa sauti anachukua ujuzi huo wa sikio na kuujenga upya. Njia moja ni kurekodi mota ya kweli kwenye mwendo mbalimbali, kukata vipande vifupi vinavyojirudia bila kuonyesha mshono, kisha kuviunganisha katika programu ili kimoja kififie wakati kingine kinaingia. Njia nyingine ni kutorekodi mota yoyote. Fundi anaanza na mawimbi ya sauti matupu, anayapanga moja juu ya jingine, anaongeza mvumo kidogo kama wa upepo, anachuja kinachoumiza sikio. Wengine wanachukua sauti moja, wanaivunja katika chembe ndogo za sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha wanazimwaga tena haraka ao polepole kufuatana na mwendo. Watengenezaji wa michezo ya video ya magari wanafanya hivyo tangu miaka mingi. Sauti ikiwa tayari, inawekwa katika kisanduku kidogo cha elektroniki, kisanduku kinaunganishwa na kipimo cha mwendo, na bafle ndogo isiyoogopa maji inatoa mlio nje.

Sehemu ngumu ni kuifanya ieleweke. Kampuni ya Jaguar ilipotengeneza gari lake la umeme la I-Pace, wahandisi wake walijaribu kwanza sauti iliyofanana na vyombo vya anga vya katika filamu. Wapita njia waliposikia, walitazama juu mbinguni badala ya kutazama barabara. Sauti ilisikika vizuri kabisa, ila ilisema uongo kuhusu fasi ambapo hatari ilitoka. Waliitupa, na sauti iliyochukua nafasi yake ilijaribiwa na watu wasioona kutoka shirika la Uingereza linalofundisha mbwa wa kuwaongoza vipofu.

Mfano huo una faida kuliko majina makubwa ambayo magazeti ya Ulaya yanapenda kutaja. Ni kweli, BMW ilimwita Hans Zimmer, mtunzi wa muziki wa filamu, kuja kutunga sauti za magari yake. Renault ilimwita Mfaransa Jean-Michel Jarre. Fiat iliweka katika gari lake dogo la 500 kipande cha muziki wa Nino Rota kutoka filamu ya Amarcord, ili Waitalia wajisikie nyumbani. Ni vizuri kwa matangazo. Lakini mtunzi wa filamu anatungia mtu aliyeketi kwenye kiti chake na kulipa ili asikilize. Mtu aliye barabarani hakulipa, hakuchagua, na ana sekunde mbili za kuamua.

Sheria za inchi zingine hazikutoka kwa kampuni za magari. Zilitoka kwa vipofu. Gari la Prius la Toyota, lenye mota ya mafuta na ya umeme pamoja, liliingia sokoni Japani mwaka 1997, na miaka michache baadaye vyama vya watu wasioona huko Marekani vilianza kulalamika kwamba gari linawapita puani bila wao kulisikia. Kwanza waliambiwa wanatia chumvi. Mwaka 2009 ofisi ya Marekani ya usalama wa barabarani ilitoa uchunguzi: wakati wa kupunguza mwendo, kusimama, kurudi nyuma ao kuingia kwenye maegesho, magari ya namna hiyo yalikuwa na uwezekano karibu mara mbili wa kumgonga mtu wa miguu kuliko magari ya mafuta. Tarehe 4 Januari 2011, rais Barack Obama alitia sahihi sheria ya kuyalazimisha kuwa na sauti. Umoja wa Ulaya ulilazimisha magari ya aina mpya tangu tarehe 1 Julai 2019, na magari yote mapya ya umeme tangu tarehe 1 Julai 2021.

Kanuni namba 138 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika mwaka 2016, inaeleza mambo kwa urefu. Gari likitembea kilometa 10 kwa saa, sauti yake isipungue desibeli 50. Kwenye kilometa 20, isipungue desibeli 56, ambazo ni kama mazungumzo ya kawaida ya watu wawili. Kupita hapo tairi zenyewe zinatosha kulitangaza gari. Sauti lazima ipande kadiri mwendo unavyopanda, angalau asilimia 0,8 kwa kila kilometa moja ya mwendo. Kutoka kilometa 5 hadi 20 hiyo inafika asilimia 12, na mwimbaji yeyote wa korali anaweza kuipima kwa koo lake: ni karibu sawa na kupanda kutoka do hadi re. Ni kidogo, lakini sikio linashika.

Hapo mwanzo kanuni hiyo iliruhusu dereva kuwa na kitufe cha kuzima sauti. Vipofu walikataa, kwa sababu usalama wa mtu wa miguu hauwezi kutegemea kama dereva ameamka vizuri. Kitufe kikaondolewa.

Sasa tufike kwenye tundu la sheria hizo zote. Kanuni namba 138 inahusu magari ya abiria, mabasi na malori. Pikipiki haimo. Marekani nayo, ilipomaliza kuandika masharti yake mwaka 2016, iliziacha pikipiki nje. Kwa watu wa Berlin ao Chicago hilo si jambo kubwa, kwa kuwa kule pikipiki si teksi ya watu wote. Kwa Bukavu ni kinyume. Hapa chombo cha umeme kitakachoingia kwa wingi kitakuwa pikipiki, itapita kati ya watu, kando ya meza za mama wauzaji, ndani ya vichochoro vya Kadutu ambamo gari haliingii. Chombo tutakachokihitajia sauti zaidi kuliko vyote ndicho ambacho sheria za wakubwa zimekisahau. Kunakili kanuni yao kama ilivyo hakutatusaidia.

Kuna sababu ya pili ya kutonakili. Walioandika kwamba sauti inyamaze baada ya kilometa 20 kwa saa walikuwa na barabara za lami mbele ya macho. Katika mashimo yetu, na katika msongamano wa Feu rouge saa za jioni, ni nani anayepita kilometa 20? Sauti itasikika karibu muda wote wa kazi. Mama anayeuza kando ya kituo cha motari ataisikia kutoka asubuhi hadi usiku, mara mia, mara elfu. Sauti mbaya itamchosha mpaka ubongo wake uizoee na kuacha kuisikia, na hapo haitamlinda tena.

Halafu kelele. Desibeli 56 zinatosha kwenye mtaa wa Ulaya wenye miti na watu wachache. Ziweke kati ya jenereta ya duka, bafle ya baa, bafle ya kanisa jirani na Fuso inayopanda mlima, utaona. Jibu la haraka ni kuongeza nguvu, na hilo ndilo jibu la watu wanaopenda fujo. Dodge ya Marekani ilitangaza mwaka 2022 gari la umeme lenye mfumo wa kutoa desibeli 126, kusudi tu wenye gari wasiukose mngurumo wa zamani. Desibeli si kama kilo za mchele. Kila kumi zinazoongezeka ni nguvu ya sauti mara kumi. Hatuhitaji ugonjwa huo katika mji ambao watoto hawalali vizuri tayari.

Fundi mzuri anatafuta mlango badala ya kusukuma ukuta. Jenereta na malori vinajaza sauti za chini, kwa hiyo ngurumo ya chini itapotea humo, tena bafle ndogo haiwezi hata kuitoa vizuri. Sauti nyembamba sana za juu nazo zinawapita wazee, kwa kuwa sikio la mtu linapozeeka huanza kupoteza za juu. Ndiyo maana kanuni namba 138 inadai sauti iwe na nguvu katika fasi mbili tofauti, na moja kati ya hizo isizidi hetzi 1.600. Mlio wa katikati, wenye mkato-mkato kidogo, unajitenga na mvumo wa mashine bila kulazimika kupiga kelele. Mkato ndio unaolisaidia sikio kujua sauti inatoka upande gani. Mvumo laini usiobadilika unaonekana kutoka kila fasi. Fasi ambapo mkato huo unapaswa kuwa inajulikana tu kwa kurekodi kelele za barabara yenyewe na kujaribu. Hakuna mtu wa Munich anayeweza kuifanya kazi hiyo kwa ajili ya Kadutu.

Wako wanaosema: acheni kimya kiwe zawadi ya umeme, klaksoni inatosha. Wanaochoka na kelele wana haki ya kuchoka. Lakini klaksoni inamtaka motari kwanza amuone mtu, kisha aamue kwamba inafaa kupiga. Asiyemuona hapigi. Motari ambaye hasikiki atapiga klaksoni kila mita kumi, na kimya kilichotarajiwa hakitapatikana hata hivyo. Watu wa Goma wanalijua jambo hili kupitia chukudu. Haina mota, na ikishuka mlima na magunia ya viazi ao makaa juu yake, mwenyewe anapaza sauti kuomba njia. Anafanya hivyo kwa sababu breki zake ni hafifu na mzigo ni mzito, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anasumbua mji.

Hofu nyingine ina msingi zaidi: tukiruhusu sauti za kompyuta, kila kijana ataweka wimbo wake. Itatokea, bila shaka. Magari ya Tesla yalipewa uwezo wa kupiga muziki ao sauti za kuchekesha nje ya gari, na mwezi wa Februari 2022 kampuni ililazimika kurekebisha programu katika magari zaidi ya 578.000 huko Marekani, kwa sababu sauti hizo zilifunika ile ya kuwaonya wapita njia. Ikiwa pikipiki moja inapita na ndombolo, nyingine na kilio cha mbuzi na ya tatu na wimbo wa kanisa, mtu asiyeona pale Nyawera hatajua nini ni chombo na nini ni simu ya mtu. Kwa hiyo sauti iwe ya jamii moja kwa pikipiki zote za kubeba abiria, itambulike Bunia kama Uvira, ipande na kushuka na mwendo, na isimamiwe na sheria kama taa na breki.

Je, tuna watu wa kuitengeneza? Wapo. Katika mitaa ya Bukavu, Goma na Lubumbashi kuna vijana wanaotengeneza midundo usiku kwenye kompyuta ya mkononi, wakingojea umeme urudi. Wanajua kukata sauti, kuichuja, kuipandisha na kuifunga izunguke bila mshono. Programu ya Audacity haiuzwi, mtu anaichukua bure tangu mwaka 2000. Pure Data, inayowezesha kuunganisha sauti na kipimo chochote, kwa mfano mwendo wa gurudumu, nayo ni bure. Wanafunzi wa elektroniki katika taasisi za ISTA wanaweza kutengeneza kisanduku. Kazi ya bafle ndogo inakula wati chache tu, wakati mota yenyewe inakula maelfu, kwa hiyo motari asidanganywe kwamba sauti itammalizia batri.

Inchi hii inatoa kobalti nyingi zaidi duniani, na sehemu kubwa yake inaingia katika batri za magari ya watu wengine. Itakuwa ajabu tukinunua hata mlio wa pikipiki zetu kutoka nje.

Kuhusu sheria, kodi ya barabara inayotuongoza ni ile ya tarehe 30 Agosti 1978, iliyoandikwa wakati shida ya kila chombo ilikuwa kelele nyingi na hakuna aliyeota kelele kidogo. Kuibadilisha bungeni kutachukua muda, na pikipiki hazitangojea. Lakini ofisi ya OCC inachunguza bidhaa zinapoingia, na inaweza kupewa amri ya wizara: pikipiki ya umeme isiyo na kisanduku cha sauti isipite mpakani. Miji ina uwezo wa kuweka sharti hilo kwa motari wanaoandikishwa. Polisi ya barabarani itahitaji maelezo mafupi na kipimo, pamoja na uangalizi, maana sote tunajua sharti jipya likifika barabarani bila maelezo linageuka kuwa sababu nyingine ya kumuomba motari franga. Ukaguzi ufanyike wakati wa kuandikishwa, mara moja, kwenye ofisi, na karatasi itolewe.

Kuchelewa kuna bei. Toyota yenyewe ilipoona imechelewa, ilianza mwaka 2010 kuuza Japani kifaa cha kuongeza sauti kwenye Prius ambazo zilikuwa tayari barabarani, kwa yeni 12.600 kila kimoja. Mwenye Prius wa Tokyo anaweza kulipa. Motari anayedaiwa pikipiki yake kila wiki hataweza, na hakuna mkuu wa mji atakayekubali kuzisimamisha pikipiki elfu nzima ili ziwekewe bafle baada ya watu kugongwa.

Wizara ya uchukuzi, tume ya usalama wa barabarani CNPR, vyama vya motari na vyama vya watu wasioona wanaweza kuanza bila mkutano mkubwa wa Kinshasa. Pikipiki moja ya umeme, sauti tatu ao nne zilizotengenezwa na vijana wa hapa, na watu ishirini wenye fimbo nyeupe wasimame kando ya barabara ya Kadutu siku ya soko, saa nne asubuhi, jenereta zote zikiwaka. Kila mmoja anyanyue mkono anaposikia pikipiki inakuja na aonyeshe inatoka upande gani. Sauti ambayo mikono yake itanyanyuka mapema ndiyo ipelekwe wizarani.